Msomaji Mlengwa Hajashawishika

Ilikuwepo nchi, na anayeifahamu naomba asiinyooshee kidole, maana huenda ana jamaa huko. Katika nchi hiyo serikali haikumlazimisha mtu jambo. Kulazimisha ni ushenzi. Serikali ilishawishi, na Katiba ilitamka wazi kwamba hakuna sheria itakayofanya kazi mpaka wananchi wasome andiko lake na kushawishika kwa hiari yao wenyewe.

Tatizo likawa hao wananchi. Walikuwa wengi, na kila mmoja na kichwa chake. Huyu akisoma anacheka, yule anafungia andazi, na mwingine anauliza mwandishi kalipwa na nani. Ndipo wataalamu wa Wizara ya Ujumbe na Athari wakakumbuka somo lao la chuoni, kwamba kila andiko lina hadhira lengwa, yaani yule mtu ambaye mwandishi anamwona akilini anapoandika. Wakaulizana, kwa nini tuhangaike kumwona akilini? Tumtafute, tumpe nyumba, tumpe mshahara. Akishawishika yeye, taifa limeshawishika. Bunge likapitisha hoja hiyo kwa makofi, halafu wabunge wakaenda kula.

Aliyepatikana ni Bi Siwema Kitunga, muuza vitumbua wa soko la Mnadani. Wizara ilibandika tangazo la kazi ukutani, na tangazo lilianza kwa neno "Mpendwa". Watu wengine walilitazama, wakajua ni tangazo, wakaendelea na safari zao. Bi Siwema alikuwa amefiwa na mumewe mwaka ule ule. Hawakujaliwa mtoto, na tangu arobaini ipite hapakuwa na mtu aliyemwita mpendwa. Alilisoma akiwa amesimama, kisha akaweka chini sinia la vitumbua akalisoma tena.

Alipewa Nyumba ya Hadhira, nyumba nzuri yenye vigae na friji na ukuta mrefu kuzunguka ua. Sharti lilikuwa moja tu, na wataalamu walilieleza kwa upole: asizungumze na mtu. Akizungumza na jirani, maneno ya jirani yatamwingia, na serikali haitajua tena ni athari ya andiko au ni athari ya jirani. Chakula kilipitishiwa kidirishani. Redio iliondolewa. Hata paka aliyekuwa akipita juu ya ukuta alichunguzwa kwanza, akaonekana hana msimamo.

Mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia ni Bwana Telela, Mpima Athari, kijana wa miaka thelathini na ushei aliyevaa suti ya mtu mnene kuliko yeye. Naye hakuruhusiwa kumsalimia. Salamu, kwa mujibu wa kanuni, ni kuilainisha hadhira kabla ya wakati. Kwa hiyo aliingia, akavua viatu mlangoni, akaketi, akasema: "Tuanze, Msomaji." Bi Siwema akasoma. Telela akamtazama nyusi, midomo na mikono, akaandika alichokiona. Halafu akamuuliza maswali ya Wizara: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini, anatumia mbinu gani.

Mbinu alifundishwa zote, na akazishika upesi. Hii ni takriri, neno linapigwa mara nyingi mpaka liingie lenyewe. Hii ni chuku, jambo limevimbishwa. Hii ni hoja ya mamlaka, tunaambiwa tukubali kwa sababu mkubwa amekubali. Huu ni mguso wa hisia. Na katika nchi ile istilahi hizo hazikuwa za ofisini tu, zilishuka mpaka vibarazani. Mtoto akililia pipi, mama yake alimwambia aache mguso wa hisia, alete hoja. Vijana waliposa kwa kutangaza lengo na toni. Watu walijua majina ya kila wanachofanyiwa, na waliendelea kufanyiwa.

Bi Siwema alikuwa mkweli, na hilo Wizara ilimsifu nalo. Andiko likimgusa alisema limemgusa. Lilipokuja andiko la Kodi ya Kivuli lilieleza jinsi mti unavyochoka kuwakinga watu bure mchana kutwa, na lilieleza kwa chuku iliyopikwa ikaiva, hata yeye akauonea huruma mwembe mmoja mwembamba uliokuwa uani kwake. Akasema, "Nimeshawishika." Asubuhi yake redio ikatangaza kwamba wananchi wote wameshawishika, na wananchi waliokuwa wamejipumzisha chini ya miti wakatoa pesa huku wakijiuliza walishawishika saa ngapi.

Jambo ambalo hakuna aliyelipima ni upweke. Telela akishaondoka, nyumba ilibaki na mlio wa friji. Bi Siwema alipika chakula cha mtu mmoja, akala upande mmoja wa meza, akaosha sahani moja. Usiku alilala upande wake wa kitanda, kwa mazoea. Alikuwa mpweke kiasi cha kuona aibu, na hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu hiyo.

Starehe yake ilikuwa asubuhi. Alichukua ufagio, akasimama karibu na ukuta, akajifanya anafagia. Upande wa pili ulipita mtaa.

"Umeamkaje, Mama Pili?"

"Nimeamka salama, sijui wewe."

"Tunashukuru. Mguu wa babu je?"

"Unaendelea vizuri. Jana kautembelea mpaka chooni."

Bi Siwema hakumjua Mama Pili wala babu. Lakini aliufuatilia ule mguu wiki hadi wiki, na siku uliposemwa umepona alifurahi mpaka jioni.

*

Waziri wa Ujumbe na Athari alikuwa Mheshimiwa Dakta Ngoroma. Siku moja alichelewa kikao kwa sababu alipita mahali penye watu waliomfahamu, wakamwamkia mmoja mmoja, wakamuuliza hali ya mama yake. Alifika kikaoni amekasirika, na mwisho wa juma akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumefanya utafiti. Taifa hili linaangamia kwa salamu. Hujambo, sijambo, za nyumbani, za kazi, za mgonjwa, za safari, na zote majibu yake ni nzuri. Kama majibu yote ni nzuri, tunauliza nini? Wataalamu wamezikusanya dakika tunazopoteza na kuzipanga mstari mmoja, zikafika mwezini, zikarudi, zikabaki nyingine za akiba. Mataifa yaliyoendelea yanapitana kimya. Na sisi tutapitana kimya, ila kwa hiari, kwa sababu sisi ni nchi ya kushawishiana."

Hivyo ukaandikwa Waraka wa Kufuta Salamu, na Telela akauleta kwenye Nyumba ya Hadhira.

Andiko la kwanza lilianza hivi: "Kwa yeyote anayehusika." Lilikuwa na hoja nyingi zilizopangwa vizuri, na takwimu, na mchoro wa mwezi. Bi Siwema alisoma mpaka mwisho, akalirudisha.

"Nani anasema?" Telela akauliza.

"Mtu asiyetaka kujulikana."

"Anamwambia nani?"

"Hamwambii mtu. Anajisemea."

"Umeshawishika?"

"Sijashawishika."

Andiko la pili lilitisha. Lilisema salamu hueneza mafua, uvivu na upinzani, na kwamba wataalamu wote wamekubaliana. Bi Siwema akasema hiyo ni hoja ya mamlaka, na wataalamu wenyewe hawakutajwa hata mmoja, na hajashawishika. Telela akaandika kwamba nyusi hazikusogea.

Wizarani kukawa na vikao. Mtaalamu mmoja mzoefu akasema kosa liko kwenye uchambuzi wa hadhira. Mnamwandikia mama huyu kama mnaandikia mlango. Mwandikieni yeye. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Wakapekua taarifa za Telela, wakakuta mle kila kitu: goti linalomsumbua, upande wa meza anaokula, ufagio usiofagia.

Andiko la tatu likaja, na mstari wake wa kwanza ulisema: "Bi Siwema, hujambo? Habari za tangu juzi? Goti linaendeleaje na baridi hii? Umepata kula?"

Bi Siwema alisoma mstari huo, akasimama. Akasoma tena. Midomo yake ikacheza, na Telela akaandika: midomo imecheza. Alichosema, kwa sauti ya chini ambayo Telela hakuweza kuiandika kwa sababu haikuwa na kisanduku chake, ni: "Sijambo. Nimekula."

Baada ya hapo andiko lilieleza kwa ukurasa mzima kwa nini watu waache kusalimiana.

"Nani anasema?"

"Mtu anayenijua."

"Anatumia mbinu gani?"

"Ananisalimia ili nikatae salamu. Ni mguso wa hisia, na kaufanya vizuri, mkono wake mwepesi."

"Umeshawishika?"

Bi Siwema alilitazama andiko lile. Alijua kwamba akisema ndiyo, lile ndilo litakuwa la mwisho. Akisema hapana, Wizara itarudi kuandika upya.

"Sijashawishika," akasema.

Hapo ndipo mkweli alipoanza kusema uongo kidogo kidogo, wala simlaumu. Andiko la nne liliuliza goti, likauliza na usingizi. La tano lilitaja jina la marehemu mumewe, likasema pole, pole ndefu ya kukaa chini, isiyo ya haraka. Bi Siwema alilia mbele ya Telela, akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema hajashawishika. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana, naye aliishi kwa hiyo nusu. Alianza kuamka mapema. Alichana nywele siku za andiko. Baadhi ya mistari aliijua kwa moyo, na alipokuwa akikuna nazi aliitikia moja moja: salama, nashukuru, bado linauma kidogo, nanyi je.

Nje ya ukuta mambo yalikuwa mengine kabisa. Habari zilivuja kwamba Msomaji Mlengwa amekataa, na amekataa tena. Watu wakamwona shujaa wa umma. Zikachapwa kanga zenye jina lake. Vijana wakaandika ukutani kwamba Siwema ni ngome, hanunuliki. Wakapita chini ya ukuta wake wakisalimiana kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kwa kumuunga mkono. Yeye alisikia zile salamu nyingi akadhani labda ni msimu wa harusi.

*

Mheshimiwa Dakta Ngoroma alisoma taarifa zote za Telela kwa siku moja, na hakuwa mjinga, ingawa watu humsingizia hivyo sana. Akaita kikao.

"Huyu mama hatupingi," alisema. "Huyu mama anakula salamu zetu. Tunampikia, anakula, anarudisha sahani, anasema hajashiba. Mmewahi kumwona mtu aliyeshiba akifungua mlango kwa haraka, kama anavyomfungulia Telela? Acheni kumwandikia."

"Mheshimiwa, Katiba inataka andiko," mtaalamu akakumbusha.

"Litakuwepo. Kwanza ukimya."

Maandiko yakakoma. Telela hakuja tena. Chakula kilipita kidirishani, na mkono uliokisukuma ulivaa glovu. Bi Siwema aliendelea kuchana nywele kwa siku kadhaa, halafu akaacha. Alikaa kwenye kiti kilichoelekea mlango. Aliyatoa maandiko ya zamani, lakini salamu iliyokwisha kuitikiwa haina kazi tena, imebaki maneno tu. Alimkumbuka mumewe, si kwa jambo kubwa, alikumbuka alivyokuwa akirudi na kusema "hodi" nyumbani kwake mwenyewe, naye akamjibu "karibu" kana kwamba ni mgeni. Usiku mwingine alisema "hodi" mwenyewe. Hakuweza kujijibu. Alilia mpaka akachoka, na kulia peke yako huchosha zaidi, kwa sababu unaacha mwenyewe unapotaka, hakuna wa kukunyamazisha.

Mtaa uliendelea kusalimiana ng'ambo ya ukuta. Alianza kuuchukia. Hilo nalisema wazi kwa sababu yeye asingelisema: aliwasikia watu wenye salamu tele, wakizitoa bila hata kuzifikiria, na moyo wake ukajaa uchungu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Akajiuliza ni nani kati yao aliyewahi kubisha lango lake. Hakujua kwamba ilikuwa marufuku hata kuligusa.

Siku Telela aliporudi, Bi Siwema alishindwa kuinuka upesi. Telela akavua viatu, akaketi, akaepuka kumtazama.

"Tuanze, Msomaji."

Andiko lilikuwa fupi. Lilisema: "Bi Siwema, hujambo? Tumekukumbuka. Waraka ukipita, salamu zitakwisha nchini, lakini yako haitakwisha. Wewe peke yako, kwa heshima ya kazi yako, utasalimiwa na serikali kila siku asubuhi maisha yako yote, mlangoni kwako, kwa mdomo wa mtu hai."

Aliposoma maneno "mtu hai" aliyarudia kwa kidole, na Telela hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi lakini hakuandika.

"Nani anasema?" akauliza.

"Serikali."

"Anamwambia nani?"

"Mimi. Safari hii kweli ni mimi, hakuna mwingine."

"Anataka nini?"

"Anataka niwauze wenzangu. Wao wanyang'anywe, mimi nibakishiwe changu."

"Anatumia mbinu gani?"

"Upweke wangu."

"Upweke haumo kwenye orodha ya istilahi."

"Basi andika mguso wa hisia."

Telela akaandika. Lilikuwepo swali jingine, lile la mwisho katika mafunzo, ambalo Wapima wengi huliruka kwa kuwa huwachosha wasomaji. Telela akaliuliza, na aliliuliza polepole kuliko yote.

"Na ni nini ambacho andiko halikusema?"

Bi Siwema alifumba macho. Kila kilichokuwamo alikuwa amekitaja kwa jina lake. Mtu aliyekaa na njaa ukimpa wali, hatakuuliza umesahau nini jikoni.

"Sijui, baba. Nimechoka. Usiniulize."

"Fikiri kidogo, Msomaji. Hatuna haraka."

"Nimesema nimechoka."

Telela alisubiri, kalamu hewani. Nje mtu alimuuliza mwenziwe habari za safari, na mwenziwe akaanza kueleza.

"Umeshawishika?" Telela akauliza mwishowe.

"Nimeshawishika," alisema Bi Siwema, na huo haukuwa uongo.

*

Redio ikatangaza kwamba wananchi wameshawishika. Wananchi, wengine wakiwa wamevaa zile kanga, wakasikiliza wakiwa wamesimama. Hapakuwa na fujo. Mtu ufanye fujo vipi dhidi ya uamuzi wako mwenyewe? Wakatazamana, mmoja akafungua mdomo, akamwona askari, akaufunga.

Sheria ilifanya kazi vizuri kupita matarajio. Watu walipitana kimya kazini na sokoni. Misibani waliingia, wakakaa, wakatoka, na mfiwa hakujua nani alikuja kwa ajili yake na nani alikosea nyumba. Muda uliookolewa ulikuwa mwingi sana, na serikali ikaunda tume ya kuutafutia matumizi. Ng'ambo ya ukuta wa Nyumba ya Hadhira zilisikika nyayo tu.

Bi Siwema hakuzisikiliza siku ile ya kwanza ya sheria. Aliamka kabla ya jua, akaoga, akavaa kanga mpya doti nzima, akajipaka wanja kidogo. Alifagia ua, na safari hii alifagia kweli. Akaweka kiti cha mgeni barazani, na chai, na vitumbua, vya kwanza tangu aondoke Mnadani. Akakaa akisikiliza lango. Aliogopa kidogo, kama msichana anayesubiri wageni wa posa, na akajicheka kwa hilo.

Lango likafunguliwa. Aliyeingia alikuwa Telela, katika suti ile ile, na kofia mpya iliyoandikwa MSALIMU WA SERIKALI. Nyuma yake alisimama askari mwenye daftari. Telela alikuja mpaka barazani, akavua kofia. Muda wote ule hakuwa amewahi kumsalimia.

"Shikamoo, Bi Siwema."

Bi Siwema akashika nguzo ya baraza. Aliyatoa maneno moja moja, kwa utamu, hakutaka yaishe upesi.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Umeamkaje? Watoto hawajambo nyumbani?"

Telela aliizungusha kofia mkononi. Aliangalia chini, kisha lango, kisha akasogea hatua moja karibu, na akasema kwa sauti ambayo askari asingeisikia.

"Usiniitikie, mama. Sheria imekupa kusalimiwa tu. Haikusema popote kwamba utajibu, na lisilosemwa limekatazwa. Ukiitikia, aliyesalimia ndiye anayeshikwa."

"Hata marahaba?"

"Hata hiyo. Na usiniulize kitu. Leo nitasema umekohoa."

Bi Siwema alimtazama. Alitaka kusema pole, akakumbuka kwamba na pole ni salamu. Telela alivitazama vitumbua, akatazama kiti, hakuketi. Kwa sauti kubwa ya kazini akasema: "Habari za asubuhi? Habari za goti? Umepata kula?" Na baada ya kila swali alinyamaza kidogo, muda ule ule ambao mtu muungwana husubiri jibu, akatikisa kichwa kana kwamba amelipata, akauliza la pili.

Alipomaliza akavaa kofia, akageuka. Alifika nusu ya ua, akasimama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akainama.

"Ni wawili," alisema akiielekea ardhi. "Hawajambo."

Askari akainua kichwa kutoka kwenye daftari, akauliza ni nini hicho. Telela akasema ni kamba tu, imekatika.

Bi Siwema aliyasikia yote mawili. Alibaki barazani, mdomo ameuziba kwa kiganja, mpaka lango likafungwa na nyayo zao zikachanganyika na nyayo nyingine za mtaani.